Mwongozo kamili: jina lipi na neno lipi unaposimulia zamani za mtu wa transjenda

Katika maandishi ninayoletewa hapa Tanga niyahariri, aya inayoharibika kila mara ni ile ya katikati, mwandishi anaporudi nyuma kueleza utoto wa mhusika. Mwanzo tunamjua kama Zuhura (jina la mfano), fundi cherehani wa Makorora. Tukifika shule ya msingi amekuwa kaka wa watu. Tukifika ujana amebandikwa jina la zamani, na aya inayofuata ni Zuhura tena. Msomaji hajui anasimuliwa mtu mmoja au wawili, na Zuhura mwenyewe akisoma anakuta ya ndani yake yameanikwa kama nguo kambani.

Mwongozo huu ni wa anayeandika wasifu, tanzia, habari au risala, na anayetafsiri. Anayesimulia kwa mdomo tu ana hatua yake pia huko mbele.

Tuelewane kwanza. Mtu wa transjenda ni yule ambaye jinsia anayoishi nayo siyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Usimchanganye na huntha, ambaye suala lake ni maumbile aliyozaliwa nayo, wala na shoga au msagaji, ambaye suala lake ni nani anampenda. Na huna haja ya kumaliza ubishi wa dini na sheria ndipo uandike jina la mtu sawasawa. Nafanya kazi na watu ambao mtazamo wao na wangu haviko pamoja, na kazi zao zinatoka safi.

## Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jina analotumia sasa, kwa herufi anazoziandika mwenyewe. Rehema na Rehma si mtu mmoja, usikisie.
- Namna watu wake wanavyomwita: dada, kaka, shangazi, Mama Fulani, fundi, mwalimu.
- Ruhusa yake. Ajue unaandika, ajue itasomwa wapi, na akwambie kipi kisitajwe.
- Rasimu iliyochapwa kwenye karatasi na kalamu mbili za rangi tofauti. Kwenye simu kosa la aina hii linapita machoni bila kuonekana.
- Msomaji wa pili ambaye hamjui mhusika.

## Hatua ya 1: Pima kama zamani zinahusika

Swali la kwanza si jina. Ni kama habari hii inahitaji kusema kwamba mtu huyu ni wa transjenda. Kama unaandika kuhusu bei ya kushona sare za shule, basi Zuhura ni fundi, habari imekwisha. Ukiongeza "ambaye zamani alikuwa…" umeandika habari nyingine ambayo hakukuomba uiandike.

Hapa kwetu jambo hili linazidi adabu. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wapeleke majina ya watu waliowashuku kuwa mashoga, na wengi walihama nyumba wakaenda kujificha. Jirani hatofautishi transjenda na ushoga. Jina, mtaa na zamani za mtu vikiwekwa kwenye sentensi moja vinatosha kumfukuzisha chumba alichopanga.

Onyo: kumjua wewe si kujulikana. Huenda wateja wake hawajui, mwenye nyumba hajui, hata mashemeji hawajui. Ukiwa na shaka, acha.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja kwa nini zamani zake zimo kwenye habari. Sababu ikiwa ni "inavutia", futa.

## Hatua ya 2: Muulize mwenyewe, faraghani

Usimuulize mbele ya watu, barazani wala dukani kwake. Mpigie simu au mkae pembeni. Maswali yenyewe ni mepesi:

- Nikieleza utoto wako, nitumie jina gani?
- Wanao na wadogo zako wanakuitaje?
- Nani kati ya watakaosoma hajui?
- Kuna jambo ungependa lisiguswe?

Usianze na hospitali wala mwili. Mtu uliyekutana naye leo usingemuuliza kapasuliwa wapi, na huyu naye vivyo hivyo.

Jibu la swali la kwanza hutofautiana. Wapo wanaosimulia utoto wao kwa jina la zamani bila kinyongo, na wapo ambao jina hilo hawataki hata kulisikia. Kanuni ya jumla inatumika pale tu mwenyewe hakupatikana, na kanuni ni hii: jina la sasa, kwa miaka yote ya maisha yake.

Kama amefariki, tafuta alivyojiita mwishoni na walivyomwita aliokuwa akiishi nao. Ndugu waliotengana naye miaka mingi wana haki ya huzuni yao, lakini si wao wa kuamua peke yao jina la kwenye tanzia.

## Hatua ya 3: Weka jina moja tangu mwanzo hadi mwisho

Wengi wanapinga hapa: "Lakini wakati ule hakuitwa hivyo." Ni kweli, hakuitwa. Ila sisi wenyewe tunafanya hivi kila siku bila kushituka. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Siti lilikuja baadaye, ukubwani. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, alimwandikia wasifu, na jina linalojulikana ni Siti. Suala la Siti halikuwa jinsia, lakini hakuna mpenzi wa taarabu anayesimama kukusahihisha ukisema Siti alizaliwa Fumba.

Kwa hiyo: "Zuhura alizaliwa Pangani." "Zuhura alipokuwa darasa la tatu." Huu si uongo. Unamtaja mtu kwa jina ambalo msomaji atamtambua leo.

Chukua kalamu ya kwanza, zungushia kila jina la mhusika kwenye rasimu. Yote yafanane. Likitokea jina la pili, ruka uende hatua ya 6 ukaone kama lina ruhusa ya kubaki.

Maneno ya kufuta hapo hapo, bila mjadala: *jina halisi*, *jina lake la kweli*, *anayejiita*, *ajulikanaye kama*. Na jina la sasa lisiwekwe kwenye alama za kunukuu, maana alama hizo zinakonyeza.

## Hatua ya 4: Saka maneno yanayochongea

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo inayowashinda watu. Mwandishi wa Kiswahili anadhani amesalimika kwa sababu viwakilishi vyetu havibagui: yeye ni yeye, *alikwenda* ni alikwenda, awe nani. Basi anaacha ulinzi. Kumbe jinsia imejificha kwenye maneno ya jirani.

Chukua kalamu ya pili, pigia mstari kila neno la aina hizi:

Udugu. Kaka, dada, shangazi, mjomba, wifi. Tumia lile alilokutajia hatua ya 2, hata kwa habari za zamani: "Zuhura ndiye dada mkubwa." Kama hukupata jibu, Kiswahili kina akiba ya kutosha: ndugu, mdogo wake, mkubwa wake, mtoto wa pili, mjukuu, binamu.

Bin na binti. Kwenye tangazo la msiba au kadi ya mwaliko neno hili huponyoka. Muulize, au liondoe: "Zuhura Ali" inajitosheleza.

Ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na kitenzi kimoja tu kinatoa siri yote. Andika *walifunga ndoa*, *walioana*, *ndoa yao*. Kwa watoto andika *alipata mtoto* badala ya *alizaa* au *alimzalisha*. Kuhusu Mama Fulani au Baba Fulani, usikisie. Wapo ambao watoto wao wanaendelea kuwaita baba, kwa mapatano yao ya nyumbani, ingawa mtaa mzima unawaita dada. Hayo ni ya nyumbani, hayaandikwi bila ruhusa.

Mafunzo ya ukubwani na shule. Jando, unyago, kufundwa, shule ya wavulana, bweni la wasichana. Kama shule inabidi itajwe, taja jina lake na mji bila maelezo ya ziada, na kama jina lenyewe linatangaza jinsia, sema tu alisoma sekondari na wapi.

Maneno ya mazoea. Mvulana, msichana, mwanadada, na kwa sisi wa Tanga kuna *mgosi*. Tunaitana hivyo wanaume hadi mashabiki wa Coastal Union wakawa Wagosi wa Kaya, na neno linatoka kabla mtu hajafikiri. Kwa utoto tumia mtoto, mwanafunzi, kijana.

Hebu tuone aya moja inavyopita mikononi. Rasimu ilikuwa hivi:

> Zuhura alizaliwa akiwa mvulana. Kaka huyo wa watoto wanne alisoma shule ya wavulana, alicheza mpira na vijana wenzake wa kiume wa Mabawa, na baadaye akaoa kabla ya kuamua kuwa mwanamke.

Baada ya kalamu mbili:

> Zuhura ni wa kwanza kati ya watoto watano. Alikulia Mabawa, akicheza mpira kila jioni mpaka adhana ya magharibi. Cherehani aliijulia kwa bibi yake, aliyeshona magauni ya Idi ya mtaa mzima na kumpa yeye kazi ya kutia vifungo. Akiwa kijana alifunga ndoa iliyodumu muda mfupi.

Hakuna kilichodanganywa. Kilichoondoka ni vidole vinavyomnyooshea, na nafasi iliyobaki imekaliwa na cherehani na bibi, vitu ambavyo kwa hakika vinatueleza jinsi fundi alivyopatikana. Nimeona mara nyingi kwamba aya iliyojaa "alikuwa mwanamume" huwa haina kitu kingine ndani yake. Mwandishi hakuuliza zaidi.

Na kama kubadilika kwenyewe ndiyo habari, na mwenyewe ameridhia? Liseme mara moja, bila kuzungukazunguka: "Alipozaliwa aliandikwa mtoto wa kiume. Sasa anaishi kama mwanamke." *Aliandikwa* ni neno la haki, kwa kuwa ndicho kilichotokea. *Aliamua kuwa* lifute, kwani wengi wao watakwambia hawakuamua kuwa, waliamua kusema.

Ukifaulu, mtu akifunika jina kwa kidole na kusoma aya ya utoto hataweza kubahatisha chochote ambacho mhusika hakutaka kijulikane.

## Hatua ya 5: Ukitafsiri kutoka Kiingereza

Kiingereza kinalazimisha he (yeye wa kiume) au she (yeye wa kike), sisi tuna *a-* tu. Ungedhani kazi imekuwa rahisi. Mitego ni mitatu.

Wa kwanza ni tabia ya vyumba vya habari ya kukwepa kurudia jina kwa kuandika "mwanamke huyo", "mwanamume huyo", "mwanadada huyo". Mtafsiri anaingiza jinsia ambayo hata Kiingereza hakikuiweka pale. Andika *mwanamuziki huyo, mwandishi huyo, nyota huyo, mkazi huyo wa Leeds*.

Wa pili ni they, yaani wao, ambalo kwa Kiingereza hutumika pia kwa mtu mmoja asiyetaka he wala she. Mwimbaji wa Uingereza Sam Smith alitangaza mwaka 2019 kwamba kwa Kiingereza atajwe kwa they. Kwetu hapo ni *alisema*. Ukiandika "walisema", msomaji wa Pongwe atatafuta wenzake ni akina nani.

Wa tatu ni majina ya tuzo na mashindano. Mwigizaji wa Kanada Elliot Page alijitambulisha hadharani kuwa transjenda Desemba 2020. Miaka mingi kabla, mwaka 2008, aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Mara nyingi inatosha kuandika "aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2008". Ikibidi utaje kundi, lifanye jina la kundi: "katika kundi ambalo waandaaji huliita la waigizaji wa kike". Ndivyo pia kwa Caitlyn Jenner, mwanamke wa transjenda aliyekuwa mwanariadha wa Marekani: dhahabu ya Olimpiki ya dekathloni (michezo kumi ya riadha) ya wanaume, Montreal 1976, aliitwaa yeye. Sifa ya mashindano ibaki kwa mashindano.

Ukienda upande wa pili, Kiswahili kwenda Kiingereza, usichague mwenyewe. Rudi hatua ya 2 ukaulize.

## Hatua ya 6: Pale jina la zamani linapohitajika kweli

Kuna sababu moja tu ninayoikubali: bila jina hilo msomaji hawezi kukipata kitu kinachozungumzwa.

Jan Morris, mwandishi wa Uingereza aliyefariki 2020, ndiye mwandishi wa habari aliyefuatana na msafara wa Everest wa 1953. Taarifa yake ya kufikiwa kileleni ilichapishwa gazetini London tarehe 2 Juni, asubuhi ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Vitabu vyake vya mwanzo vimechapwa kwa jina la James Morris, na mwenyewe alilizungumzia jambo hilo waziwazi. Anayekwenda maktaba kuvitafuta anahitaji kujua. Basi andika: "Jan Morris alikuwa Everest mwaka 1953, vitabu vyake vya miaka hiyo vina jina la James Morris jaladani." Jina la zamani limefungwa kwenye jalada, halikurudishwa kwa mtu. Limetajwa mara moja, na sentensi inayofuata ni Morris au Jan.

Sasa mlinganishe na Audrey Mbugua wa Kenya. Alikwenda mahakamani akitaka Baraza la Mitihani libadili jina kwenye cheti chake cha kidato cha nne, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru apewe cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Habari nzima inahusu jina la zamani, na bado nimeisimulia bila kulitaja. Hukukosa kitu.

Onyo: "limeshatajwa mtandaoni" si sababu.

## Hatua ya 7: Vyeti, picha na nukuu

Vyeti ni kwa ufupi. Huku kwetu mtu anaweza kubadili jina kwa hati inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, lakini vyeti vya shule na kitambulisho vinaweza kubaki na jina la zamani. Jina la kwenye kitambulisho lisikufanye uone la mdomoni ni la bandia. Usipige picha cheti cha mtu ukakiweka kwenye habari. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, ni utovu wa adabu. Picha za zamani za kabla na baada ziwekwe pale tu mwenyewe amekukabidhi kwa mkono wake kwa kazi hiyo.

Nukuu zina ugumu zaidi. Mama mzazi anakwambia, "Mwanangu huyu wa kiume alikuwa mtundu." Huwezi kubadili maneno ndani ya alama za kunukuu, ni kumsingizia mama. Lakini si lazima umnukuu pale. Eleza kwa maneno yako: mama yake anakumbuka mtoto mtundu. Au mrudie kwa upole: "Mama, Zuhura angependa tumtaje hivi, wewe waonaje?" Wazee wengi wa mwambao hawana shida na "mwanangu" tupu, kwa vile ndilo neno walilokuwa wakilitumia siku zote. Akikataa, mwache na usimbishie nyumbani kwake. Tumia maneno yako.

## Hatua ya 8: Ukisimulia kwa mdomo

Ulimi una mazoea yake. Ukiteleza, jisahihishe na uendelee: "Kaka yake… dada yake, alikuwa Raskazone siku ile." Basi. Kuomba radhi kwa maneno mengi mbele ya watu kunamfanya yeye ndiye aanze kukubembeleza wewe, na waliokuwa hawajasikia sasa wamesikia.

Akiteleza mwingine, itike tu kwa kutumia neno sahihi kwenye sentensi yako. Kumkemea mzee kwenye matanga kutageuza msiba kuwa ugomvi, na gumzo litamwangukia yule yule uliyetaka kumstahi.

Kama mahali hapo wapo wasiojua, na yeye mwenyewe alikuomba utumie jina la zamani mbele yao kwa usalama wake, tumia hilo. Kwa mtu anayeendelea kuishi kati ya watu hao, ombi lake linapita kanuni zote za hapo juu.

## Hatua ya 9: Usomaji wa mwisho

Mpe msomaji wa pili karatasi, usimweleze kitu. Akimaliza muulize mambo mawili: habari inahusu watu wangapi, na ni kitu gani anakikumbuka kuhusu mhusika. Akisema mtu mmoja, na akakumbuka vifungo vya magauni ya Idi, peleka. Akisema "yule aliyekuwa mwanamume", rudi hatua ya 4, kuna neno limebaki.

Kisha msomee mhusika mwenyewe aya zinazohusu zamani zake, hizo tu, kabla hazijatoka. Akitaka neno libadilike, libadili. Akikurudia mwaka unaofuata akisema sasa anatumia jina jingine, ingia kwenye nakala ya mtandaoni ulibadili, na usiandike chini yake kwamba awali lilikuwa hivi.